Mgeni Aishie Dakani: Nginx Mbele, Tomcat Ndani

Hotuba iliyotolewa kwa mafundi wa seva na waandishi wa programu, Mombasa. Imewekwa hapa kamili kwa wale ambao hawakuwahi kufika. Picha za ukutani tumeziacha.

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote? Wazee wetu, dada zetu, vijana mlioziacha kompyuta zikiwaka mkaja kusikiza, karibuni. Na nyinyi wa Likoni mliovuka kwa feri saa hii ya foleni, poleni. Maji yapo pale mezani.

Nataka nianze na nyumba. Aliyepita vichochoro vya Mji wa Kale anajua kwamba nyumba ya kale haimpeleki mgeni moja kwa moja chumbani. Kwanza kuna daka. Mgeni apiga hodi, akaribishwa dakani, aketi, aulizwe: wewe nani, watoka wapi, una haja gani? Kisha mtu wa nyumbani aingia ndani na habari, arudi na jawabu. Kahawa hutoka ndani, mgeni akainywa pale pale alipoketi. Wa ndani hawaonekani, na kazi inafanyika.

Basi hiyo ndiyo proksi ya kupokea wageni (reverse proxy), programu inayosimama mbele ya nyingine na kuipokelea maombi. Nginx au Apache, ambazo ni seva za wavuti, inakaa dakani, kwenye poti 80 na 443, yaani namba za mlango wa HTTP na wa HTTPS, ile HTTP yenye kufuli. Tomcat, yenye programu yako ya Java, inakaa ndani kwenye poti 8080. Daka lina kazi mbili: kumzuia mgeni asipite, na kupeleka habari zake ndani kama zilivyo. Kazi ya kwanza wengi huifanya nusu. Ya pili huisahau kabisa, na hiyo ndiyo nitakayoikalia sana leo. Zile hitilafu za ajabu, zile za "mbona kwenye kompyuta yangu inafanya kazi?", nyingi zinatokana na jambo hilo moja tu: aliye ndani ameambiwa uongo kuhusu mgeni.

Lakini kwanza, kwa nini daka? Kwani Tomcat haiwezi kukaa mlangoni yenyewe?

Inaweza. Inajua HTTP, inajua hata HTTPS. Ila kwenye Linux poti zilizo chini ya 1024 ni za root, yule mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, isipokuwa programu imepewa ruhusa maalumu, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka programu nzima ya Java iendeshwe kama root. Halafu kuna cheti cha HTTPS. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na programu iitwayo certbot hukifanya upya na kuiambia Nginx ikisome, wewe umelala. Hayo mawili yangetosha. Lakini sababu kubwa ni simu.

Mfikirieni mama aliye juu ya feri. Amefungua ukurasa wa duka lenu, ukurasa wa kilobaiti 400, na mtandao pale katikati ya maji unakuja na kuondoka. Ukurasa unamfikia kwa sekunde 20. Tomcat ikiwa peke yake, uzi (thread), yaani mhudumu mmoja wa ndani, uliomhudumia yule mama unabaki umeshikwa, unamlisha matone kwa matone, mpaka ashibe. Tomcat, usipoigusa, ina nyuzi 200. Kina mama 200 juu ya feri mbili, na wa 201 anasubiri foleni, hata kama yuko Nyali na intaneti ya nyaya. Kichakataji kinalala, kumbukumbu ipo tele, na duka limefungwa!

Nginx ikiwa mbele, inalichukua jawabu lote kutoka Tomcat kwa muda mfupi sana, inaliweka kwenye kumbukumbu, likizidi inalimwaga kwenye faili la muda. Uzi wa Java unarudi kazini. Kumngoja mama wa feri sasa ni kazi ya Nginx, na Nginx kungoja hakuigharimu kitu. Upande wa kupokea ni vile vile: mtu akituma picha taratibu, Nginx huikusanya yote kwanza ndipo iipeleke ndani. Kwa hivyo mtu akikwambia uzime `proxy_buffering` ili iwe haraka, mwulize, haraka ya nani? Zima kwa ile anwani moja tu inayotiririsha habari mfululizo, basi. Kwingine iache.

Haya. Tuufunge mlango wa ndani.

Ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini imeweka Nginx mbele, imeweka nywila kwenye Nginx, cheti kipo, HTTPS ipo. Bosi amefurahi. Kisha anakuja mtu, anaandika anwani ile ile na mwishoni anaongeza `:8080`. Programu inafunguka, haikuuliza nywila, haikuuliza chochote. Nyumba ina daka zuri lenye nakshi, na mlango wa uani uko wazi! Na msidhani mtu huyo lazima awe mjanja. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikipiga hodi poti 8080 za dunia nzima.

Dawa yake ni neno moja. Kwenye `server.xml` ya Tomcat, ndani ya `Connector` ya 8080, ongezeni `address="127.0.0.1"`, yaani isikilize ndani ya mashine hiyo tu. Kwa Spring Boot, ule mfumo wa kuandikia programu za Java, ni `server.address=127.0.0.1`. Iwasheni upya, kisha msiniamini mimi, tazameni wenyewe:

```
ss -ltnp | grep 8080
```

Mkiona `127.0.0.1:8080`, au `[::ffff:127.0.0.1]:8080` kama Java inavyopenda kuandika, mlango umefungwa. Mkiona nyota au `0.0.0.0`, uko wazi, hata kama ngome ya moto (firewall) mbele inauziba kwa leo. Na nyinyi wa Docker, mnaoendesha programu ndani ya makontena, hapa sikizeni vizuri. Ukiandika `-p 8080:8080`, Docker inachimba njia yake kwenye sheria za kernel na kuipita ufw, ile ngome ya moto, pembeni. Utaandika `ufw deny 8080`, ufw itakuitikia vizuri kabisa, na poti itabaki wazi. Andikeni `-p 127.0.0.1:8080:8080`.

Na kuna mlango mwingine wa uani ambao wazee wa Tomcat wanaujua: AJP, lugha nyingine ambayo proksi huweza kuzungumza na Tomcat, poti 8009. Februari 2020 ilitangazwa dosari iliyoitwa Ghostcat, CVE-2020-1938. Aliyeifikia poti ile aliweza kusoma mafaili ya ndani ya programu, yale ya `WEB-INF` ambayo wengi huwekea nywila za hifadhidata. Matoleo 9.0.31, 8.5.51 na 7.0.100 yaliifunga: AJP haiwashwi tena yenyewe, ikiwashwa inasikiliza ndani ya mashine tu, na inadai neno la siri. Kama hamna sababu mnayoweza kuitaja kwa mdomo ya kutumia AJP, tumieni HTTP ya kawaida. Nishamaliza habari ya AJP.

Sasa ile ya pili, ya habari za mgeni.

Nginx ikipeleka ombi ndani, inafungua muunganisho mpya kabisa kwenda Tomcat. Mpya! Tomcat haimwoni mgeni, inaiona Nginx. Kwa hivyo msipoiambia, Tomcat inaamini mambo matatu, na yote matatu ni uongo: kwamba mgeni alipiga hodi kwa jina la `127.0.0.1:8080`, kwamba mgeni anatoka `127.0.0.1`, na kwamba alikuja kwa HTTP tupu, bila kufuli. Jina, anwani, mlango. Yashikeni hayo matatu: jina, anwani, mlango. Mistari yake ni hii:

```
location / {
    proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
    proxy_set_header Host $host;
    proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
}
```

Angalieni, nimeandika 127.0.0.1, sikuandika localhost. Kwenye mashine nyingi localhost, jina la mashine kujiita yenyewe, ni watu wawili: wa anwani za IPv4 na wa anwani za IPv6. Tomcat tumeifungia kwa wa kwanza. Nginx ikimwendea wa pili inakataliwa, na logi, lile daftari la matukio, inajaa makosa yanayokuja na kuondoka. Utayafukuza wiki nzima.

Tuanze na jina. Mteja wa Likoni amesahau nywila. Anabonyeza "nimesahau", programu inamtumia barua pepe yenye kiungo. Programu inakitungaje kile kiungo? Inajiuliza: mgeni aliniita kwa jina gani? Mstari wa `Host` usipokuwepo, Nginx hutumia jina lililo kwenye `proxy_pass`. Basi barua inakwenda na kiungo kinachoanza `http://127.0.0.1:8080/`. Mteja anakibonyeza, na 127.0.0.1 maana yake ni "mimi mwenyewe", kwa hivyo simu yake inajitafuta yenyewe mfukoni mwake. Anapiga simu dukani kulalamika. Fundi anajaribu kwenye kompyuta yake, ambayo ina Tomcat ya majaribio kwenye 8080, na kiungo kinafunguka! "Mbona kwangu sawa?" Kwake lazima kiwe sawa.

Na kwa nini kosa hili halionekani mapema? Kwa sababu Nginx yenyewe inalifunika. Programu ikimwelekeza mgeni kwenye `http://127.0.0.1:8080/kitu`, Nginx hurekebisha ile heda ya `Location`, yaani mstari wa maelezo unaotangulia ukurasa, njiani kabla haijamfikia. Inarekebisha heda, maandishi ya ndani ya ukurasa haiyagusi, na barua pepe haiioni kabisa. Ndiyo maana kila kitu kinaonekana kizima mpaka mtu asahau nywila.

Pili, anwani. Programu imewekwa sheria nzuri: atakayekosea nywila mara 5 kutoka anwani moja, anwani hiyo ifungiwe dakika 15. Kijana mmoja wa Kisauni anakosea mara 5. Programu inaangalia, ametoka wapi? Ametoka 127.0.0.1. Inafungia 127.0.0.1. Na wewe wa Changamwe umetoka wapi, na yule wa Mtwapa? Wote 127.0.0.1. Vidole vya kijana mmoja vimeifunga Mombasa nzima!

Sasa geuzeni shilingi. Programu inapokea taarifa za malipo, kama zile za M-Pesa zinazorudishwa kwenye anwani yako ya HTTPS, na mwandishi ameweka orodha ya anwani za IP zinazoruhusiwa kuleta taarifa hizo. Proksi inawekwa mbele, kila taarifa sasa inatoka 127.0.0.1, zote zinakataliwa. Ni saa ya chakula cha mchana, wateja wamelipa na hawajapata risiti. Fundi mwenye haraka anafanya nini? Anaiongeza 127.0.0.1 kwenye orodha. Taarifa zinapita. Zinapita zote, na za yeyote yule duniani anayejua kuandika "amelipa". Jamani, hapo bora lile la kukataliwa.

Tatu, mlango. Kivinjari kimekuja kwa HTTPS, Nginx imefungua kufuli, imepeleka ndani kwa HTTP. Programu ina sheria: asiyekuja kwa HTTPS aelekezwe HTTPS. Inaangalia, huyu amekuja kwa HTTP. "Nenda HTTPS." Kivinjari kinarudi kwa HTTPS, Nginx inafungua kufuli, inapeleka kwa HTTP. "Nenda HTTPS." Mmeshawahi kumwona mtu ofisini anayeambiwa dirisha la 3 na dirisha la 3 linamrudisha la 5? Kivinjari kina busara kuliko sisi. Baada ya safari kama 20 hivi kinakata tamaa na kuandika kwamba ukurasa umeelekeza mara nyingi mno. Mkiona maneno hayo, msiguse cheti. Cheti hakina kosa. Tazameni `X-Forwarded-Proto`.

Haya, tumeandika mistari mitatu kwenye Nginx. Tumemaliza? Hatujamaliza, na hapa ndipo wengi hukwama: daka limepeleka habari, lakini wa ndani naye lazima akubali kuzisikia. Tomcat haizisomi heda hizo mpaka uiambie. Ndani ya `Host`, kwenye `server.xml`:

```
<Valve className="org.apache.catalina.valves.RemoteIpValve"
       remoteIpHeader="X-Forwarded-For"
       protocolHeader="X-Forwarded-Proto" />
```

Kwa Spring Boot yenye Tomcat ndani yake, mstari mmoja watosha: `server.forward-headers-strategy=native`. Logi ya wageni ya Tomcat nayo ina ukaidi wake. Hata baada ya vali hiyo itaendelea kuandika 127.0.0.1 mpaka kwenye `AccessLogValve` uongeze `requestAttributesEnabled="true"`. Wengi hutazama logi, huona 127.0.0.1, hudhani vali haifanyi kazi, huiondoa. Inafanya kazi, logi ndiyo haijaambiwa.

Swali la mjanja: heda si maandishi tu? Mgeni hawezi kuiandika mwenyewe, ajiite atakavyo? Anaweza, na wanafanya. Ile `$proxy_add_x_forwarded_for` huchukua alichokuja nacho mgeni na kuongeza mwishoni anwani yake ya kweli. Kwa hivyo anwani ya kwanza kushoto inaweza kuwa uongo mtupu. Ya mwisho kulia imeandikwa na Nginx yako. Vali ya Tomcat inalijua hilo, husoma kutoka kulia, ikiziruka anwani za ndani kama 10, 127, 172.16 hadi 172.31 na 192.168, mpaka ifike ya nje. Lakini mkiandika wenyewe kwenye Java "chukua ya kwanza kabla ya koma", mmemkabidhi mwizi kalamu. Kama Nginx yenu ndiyo ya nje kabisa na hakuna proksi nyingine mbele yake, andikeni `$remote_addr` mahali pa hiyo ndefu, mufute yote aliyokuja nayo mgeni. Na kama Nginx iko mashine nyingine yenye anwani ya hadhara, itajeni kwenye `internalProxies`, la sivyo vali haitaiamini.

Kabla sijaondoka hapa, mtego mmoja ambao hautoi kosa lolote. Mistari ya `proxy_set_header` iliyoandikwa juu, kwenye `server`, hurithiwa chini kwenye `location`, lakini kwa sharti: `location` hiyo isiwe na hata mstari mmoja wake wa `proxy_set_header`. Ukiwa nao mmoja, ile ya juu yote inaachwa. Yote! Mtu anaongeza mazungumzo ya papo kwa papo kwa WebSocket, anaandika `proxy_http_version 1.1`, anaandika mistari miwili ya `Upgrade` na `Connection`, mazungumzo yanafanya kazi, anashangilia. Na kwenye anwani hiyo hiyo jina, anwani na mlango vimepotea kimya kimya. Wekeni ile mistari mitatu kwenye faili lake peke yake, kisha kila `location` iliite kwa `include`. Si maridadi, lakini inazuia machozi.

Tuje kwenye mkwaju, ile alama ya `/`. Ule mkwaju mmoja mwishoni mwa `proxy_pass`. Mkiandika `location /duka/` na `proxy_pass http://127.0.0.1:8080/`, yaani na mkwaju, Nginx inalikata neno `/duka/` na ombi la `/duka/bei` linafika ndani likiwa `/bei`. Mkiuondoa mkwaju, linafika kama lilivyo, `/duka/bei`. Herufi moja, tabia mbili.

Nani anaumia? Duka la leso la Biashara Street. Programu yao imewekwa Tomcat kwa jina la `duka.war`, kwa hivyo ndani inaishi kwenye `/duka`. Mwenye duka hataki neno hilo lionekane kwenye anwani, anataka jina la tovuti tu. Fundi anaandika `location /` na `proxy_pass http://127.0.0.1:8080/duka/`. Ukurasa wa kwanza unafunguka vizuri. Mteja anaingiza jina na nywila, sahihi kabisa, anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingia. Anajaribu tena, anarudishwa tena. Hakuna kosa lililoandikwa popote, nywila ni ile ile.

Kosa liko kwenye kuki, kile kikaratasi ambacho kivinjari hukihifadhi ili seva imtambue mteja akirudi. Tomcat ilimpa mteja kuki ya JSESSIONID ikaandika juu yake: itumike kwenye `/duka` tu. Kivinjari ni mtiifu. Mteja sasa yuko kwenye `/ingia`, si `/duka/ingia`, kwa hivyo kuki inabaki mfukoni. Tomcat inamwona mgeni mpya kila anaporudi. Tiba ipo, `proxy_cookie_path /duka /;`, na inafanya kazi kwa kuki. Bado kuna viungo vya picha vinavyoanza na `/duka/`, bado kuna kuelekezwa upya. Utakuwa unaziba mtumbwi kwa pamba. Ushauri wangu ni mmoja: njia ya nje na njia ya ndani zifanane. Kama nje ni `/`, ndani iwe `/`: liiteni faili `ROOT.war`, na kwanza mfute folda ya `ROOT` inayokuja na Tomcat. Kama ndani lazima iwe `/duka`, na nje iwe `/duka`. Matatizo yote ya aya hii hayazaliwi.

Sasa saa na mizani. Nginx inaingoja Tomcat sekunde 60, kisha inatoa kosa la 504, yaani muda wa kungoja umekwisha. Sekunde hizo si za ombi zima. Ni za kimya kati ya kipande kimoja cha jawabu na kinachofuata. Ripoti ya mwisho wa mwezi, ambayo haitoi hata herufi moja mpaka imalize hesabu, inahesabiwa kuwa kimya mwanzo mpaka mwisho.

Mhasibu anabonyeza "ripoti". Hesabu inachukua sekunde 95. Kwenye ya 60 anaona 504. Mhasibu anafanya nini? Anabonyeza tena! Na Java, je, imeacha ile ya kwanza? Haijaacha. Haijui kwamba Nginx imeondoka, inaendelea kuhesabu ripoti ambayo hakuna atakayeipokea. Anabonyeza mara ya tatu. Sasa ripoti tatu zinagombania hifadhidata moja, hakuna hata moja inayoweza kumaliza kwa sekunde 95, na wateja wa kawaida wameanza kupata 504 nao. Watu wanasema Nginx imeharibika.

Ongezeni `proxy_read_timeout 180s;` kwenye `location` ya ripoti pekee. Msiongeze kila mahali, maana siku hifadhidata ikikwama kila mgeni atakaa dakika tatu akikodolea duara linalozunguka. Na mkipata nafasi, ripoti itengenezwe kando, mhasibu apewe kiungo ikishakuwa tayari. Hiyo ndiyo tiba. Muda mrefu ni panadoli.

Mizani ni fupi. Nginx hukataa mzigo unaozidi megabaiti 1, kwa kosa la 413, na picha ya kitambulisho kwa simu za leo ni megabaiti 3 au 4. `client_max_body_size 12m;` inatosha wengi. Lakini ndani kuna mizani nyingine: Spring Boot ina megabaiti 1 kwa faili na 10 kwa ombi zima. Mkipandisha ya nje mkasahau ya ndani, kosa halikuondoka, limehama nyumba. Picha sasa inakataliwa na Java, kwa maneno mengine, na mtu anarudi kuilaumu Nginx.

Na kosa la 502, lile la Nginx kukosa jawabu zuri kutoka ndani? Msibahatishe, someni `/var/log/nginx/error.log`, imeandikwa wazi. `111: Connection refused`: hakuna anayesikiliza pale, Tomcat imelala au poti siyo. `13: Permission denied` kwenye Rocky au Red Hat: ni SELinux, mlinzi wa ndani wa mfumo, na dawa ni `setsebool -P httpd_can_network_connect 1`. Msiizime SELinux nzima, tafadhali. `upstream sent too big header`: heda za jawabu, mara nyingi kuki zilizonenepa, hazikuenea kwenye bafa, jaribuni `proxy_buffer_size 16k` pamoja na `proxy_buffers 8 16k`. `upstream prematurely closed connection`: Java ilikata katikati ya maneno, pengine imekufa kwa kukosa kumbukumbu, kwa hivyo hameni kwenye logi ya Java. Lakini kabla ya hayo yote, mkiwa juu ya seva yenyewe, pigeni `curl -I http://127.0.0.1:8080/`. Ikijibu vizuri, kosa liko dakani. Isipojibu, liko ndani, na kuihariri Nginx ni kupaka rangi mlango wa nyumba iliyobomoka.

Wa Apache mmenitazama kwa jicho baya tangu mwanzo. Yenu ni haya: washeni `proxy`, `proxy_http` na `headers`. `ProxyPreserveHost On` ndiyo jina. Anwani, `mod_proxy` huiweka yenyewe kwenye X-Forwarded-For. Mlango ni `RequestHeader set X-Forwarded-Proto "https"` ndani ya VirtualHost ya 443. `ProxyPass` na `ProxyPassReverse` ziende pamoja, na mkwaju ukiwepo upande mmoja uwepo na wa pili. Na `ProxyRequests` ibaki `Off`. Kuna watu huiwasha wakidhani proksi haifanyi kazi bila hiyo, kumbe wamefungua proksi ya umma ambayo kila mtu duniani atapitishia uchafu wake, na anwani itakayoonekana ni yenu.

Mwenye Tomcat mbili nyuma ya Nginx moja, ajue kwamba kikao cha mteja kinaishi kwenye moja tu. Akirushwa kwenye ya pili, ametoka. `ip_hash` humrudisha palepale, ila kwa IPv4 hutazama sehemu tatu za kwanza tu kati ya nne za anwani, na wateja wa simu wengi hutoka nyuma ya anwani chache za kampuni ya mtandao. Mnaweza kukuta Tomcat moja inatokwa jasho na nyingine inapunga upepo. Vikao vikiwekwa pa pamoja, Redis kwa mfano, shida hiyo yaisha. Na msiandike `non_idempotent` kwenye `proxy_next_upstream`. Bila neno hilo, Nginx haimpelekei seva wa pili ombi la POST, lile la kutuma taarifa kama malipo, ambalo wa kwanza ameshalipokea. Mkiliandika, mteja anaweza kukatwa pesa mara mbili kwa tiketi moja.

Mkishabadilisha chochote: `nginx -t`, kisha `systemctl reload nginx`. Reload, siyo restart. Faili likiwa na kosa, reload inakataa na Nginx ya zamani inaendelea na kazi. Restart inaizima kwanza, halafu ndipo inagundua kwamba haiwezi kuwaka.

Usiku wa leo, mkifika nyumbani, zimeni WiFi kwenye simu, mtumie data, muandike anwani ya seva yenu na `:8080` mwishoni. Ukurasa usifunguke. Kisha jitumieni ile barua ya "nimesahau nywila" na mtazame kiungo kinaanzaje.

Maswali sasa. Kipaza sauti apewe yule dada wa safu ya nyuma, mkono wake uko juu tangu kwenye kuki.